Meno ya Nguruwe kwa Mafungu

Mkinikuta stejini hapa mtaani Tena mnaniuliza, "Niaje Musyoka, Turkana kulikuwaje?" na kabla sijafika hata Nakuru kwenye maelezo mmeshapanda gari mmeenda zenu. Nimechoka kusimulia nusu safari. Nimekaa nikaiandika yote, someni kwa wakati wenu. Vibali na karatasi sitawasimulia. Vilikuwepo, vilitosha, na vilichosha. Na nyinyi mliokuwa mkisubiri habari za mafuta au dhahabu, poleni sana. Sisi tulifuata meno ya nguruwe.

Nitaeleza mara moja tu. Mdogo wangu Ndunge anasomea shahada ya uzamili ya jiolojia. Kazi yake ni miamba ya mashapo, yaani tope na mchanga ulioletwa na mito na maziwa ya kale, ukalaliana tabaka juu ya tabaka mpaka ukawa mwamba. Tabaka la chini lilitangulia, la juu likafuata. Hapo hata mimi naelewa. Shida ni kujua lina umri gani, kwa sababu mwamba haubebi kitambulisho. Ndipo wanapoingia nguruwe. Zamani za kale Turkana ilijaa nguruwe wa kila aina, na kadiri walivyozidi kula nyasi, kizazi baada ya kizazi, gego lao la mwisho lilizidi kurefuka. Gego fupi ni la zamani, gego refu ni la juzi, ingawa juzi ya wanajiolojia si hii yangu na yako. Ukilipata gego ndani ya tabaka, unalilinganisha na magego ya mahali pengine ambako majivu ya volkano yameshapimwa umri, na tabaka lako linapata umri wake.

Sasa Ndunge alikuwa ameandika karibu kitabu kizima akidai kwamba tabaka moja jekundu, katika korongo moja huko ng'ambo ya Lodwar, ni changa kuliko wanavyosema wataalamu wote waliomtangulia. Watahini wakamrudishia kazi yake kwa maneno mazuri sana, ambayo ukiyamenya yanabaki mawili: leta ushahidi. Muda walimwongezea kwa mara ya mwisho. Bila gego la kuthibitisha umri wa tabaka lile, hakuna shahada, na miaka yake yote ya kusoma ingehamia kwenye sanduku chini ya kitanda. Alikuwa hali vizuri wala halali vizuri. Akaniomba mimi na pikapu yangu, kwa kuwa chuo kilikuwa na magari mengi mno kiasi kwamba hakuna lililopatikana.

Nikachukua likizo kwenye bohari ya biskuti kule Industrial Area ninakoendesha lori. Nikadhani tutakuwa wawili.

Tena hadi Nakuru

Mama alitokea asubuhi amejifunga leso, na debe la muthokoi, yale mahindi yetu ya Ukambani, mkononi. "Mwanangu hatakufa njaa kwa sababu ya nguruwe," akasema, akaingia kiti cha mbele. Mama yetu anauza nyanya na maparachichi hapo kona ya Tena tangu sisi tukiwa watoto, na hajawahi kufunga kibanda hata siku ya mvua ya mawe. Siku hiyo alikifunga. Ndunge alinitazama, nami nikatazama usukani.

Hatukuondoka mara moja. Jirani yetu wa ghorofa ya juu, Mama Njoki, alishuka kutuombea. Aliomba tulindwe na majambazi, nyoka, ajali na homa, kisha akamwomba Mungu amlinde Ndunge na hayo mambo ya kusema watu walitoka kwa nyani. Ndunge akamweleza kwa upole kwamba yeye anashughulika na nguruwe tu. Mama Njoki akafumba macho tena akaanza upya kuhusu nguruwe. Tulipofika barabara ya Outer Ring jua lilikuwa limeshapanda, na foleni ilikuwa imetusubiri kwa uaminifu.

Baada ya Naivasha, Mama alianza ukaguzi. Kila penye nyanya kando ya barabara ilibidi nipunguze mwendo ili azione. Hakununua kitu. "Angalia hilo fungu," alisema. "Limelala kama mgonjwa. Kubwa zinakaa mbele, ndogo nyuma, zilizopasuka kando za kuongezea mteja. Hawa walifundishwa na nani?" Mimi nilikuwa nimefundishwa kuendesha gari nikitazama mbele, lakini safari hiyo niliendesha kwa kufuata nyanya.

Nakuru hadi Kitale

Mbele kidogo ya Nakuru polisi alitusimamisha. Alipiga jicho nyuma ya pikapu: nyundo, mifuko ya plasta ile ya hospitali ya kufungia mfupa uliovunjika, na bale nzima ya tishu za chooni.

"Mnaenda wapi?"

"Turkana, afande."

"Kufanya?"

"Kutafuta meno ya nguruwe."

Akaigusa bale kwa kidole. "Na hii tishu yote? Mna shida ya tumbo?"

Hapo dereva mwenye akili angesema ndiyo. Lakini Ndunge alishuka akamtolea mhadhara: kwamba kisukuku ni mfupa uliogeuka jiwe, kwamba hupasuka ukikishika vibaya, kwamba unakifunga kwa tishu yenye maji kwanza, kisha plasta juu, kikauke ndipo kisafiri. Magari yalipita. Mama alimenya chungwa. Afande alisikiliza mpaka mwisho, akafikiria, akauliza, "Kwa hiyo tishu ni ya nguruwe?"

"Ni ya nguruwe, afande," nikasema haraka.

"Sawa. Endeni salama." Na alitusindikiza kwa macho ya mtu anayesikitikia wazazi wa wengine.

Kitale tulilala pahali penye mablanketi mazito. Yafurahieni mablanketi hayo kwa niaba yangu, maana ndiyo mara ya mwisho kuyataja.

Kitale hadi Lodwar

Barabara inashuka milima ya Pokot kama inayokimbia deni, na kila kona unavua nguo moja. Karibu na Marich mkanda wa feni ulikatika. Mimi ni dereva wa miaka mingi, kwa hiyo nilifungua boneti, nikaangalia kwa makini sana, nikaifunga tena. Ndunge alikaa juu ya jiwe akitazama saa, ingawa saa haina mkanda wa feni.

Lori lilikuja kutoka Lodwar likinuka samaki wakavu. Dereva akasimama, akateremka, nikamsalimu, akaniangalia. "Buda, hiyo accent si ya huku."

"Mimi ni wa Tena."

"Wacha! Manze, mimi ni msee wa Njiru!" Akanikumbatia tukiwa tumelowa jasho wote wawili. Unaweza kuendesha gari siku mbili kukimbia Eastlands, upande wetu wa Nairobi, na Eastlands ikakukuta Marich ikiwa na mkanda wa feni wa ziada. Aliufunga mwenyewe, akakataa kulipwa, ila alikubali sahani ya muthokoi. Alitafuna, akauliza, "Mathe, haya mahindi yalifanyiwa nini? Ngozi yake iko wapi?"

Mama aliweka mwiko chini. Mwanamume mzima wa Njiru hajui muthokoi hukobolewa! Alimwelezea kinu, mchi, na maji ya kunyunyizia, akamwelezea na mama yake mzazi alikosea wapi. Yule ndugu alikula sahani mbili akiwa ameinamisha kichwa. Alipoondoka alipiga honi mara nyingi, nadhani ni ya kushukuru kuachiliwa.

Lodwar tulifika joto likiwa bado limesimama katikati ya mji. Hotelini tuliletewa samaki mzima na kichwa chake. Mama, aliyekulia kwenye vilima vya Mbooni, alikata kipande cha ugali akamfunika macho yule samaki, ndipo akaweza kula. Mhudumu akaniuliza kando kama hiyo ni dini.

Lodwar hadi korongoni

Baada ya Lodwar barabara huwa pendekezo tu. Tulikuwa na mwenyeji, Ekai, mtu mzima mwenye mbuzi wengi na maneno machache, aliyewahi kuongoza wageni wa aina yetu. Alikaa nyuma ya pikapu kwenye kiti chake kidogo cha mti, akitupigia kofi juu ya paa: moja kulia, mawili kushoto. Tulikwama kwenye laga, yaani mto usio na maji, na tukiwa tunachimba mchanga kwa sufuria akaniuliza,

"Nairobi nguruwe imeisha?"

"Haijaisha. Iko mingi. Lakini hiyo ni ya kula."

"Na ya huku?"

"Ya huku ni ya kujua umri wa mawe."

Akachimba kidogo. "Mawe inataka kuoa?"

Nilicheka mpaka nikakaa chini. Ndunge hakucheka. Alikuwa anatazama vilima vilivyokuwa mbele yetu.

Korongoni

Lile korongo mkiliona kwenye picha zangu mtasema ni machimbo ya mawe ya Njiru, na sitabishana nanyi. Ila ukisimama ukatulia unayaona matabaka: chini jekundu, ndilo la Ndunge, na juu yake la kijivu. Kutoka hapo mteremko umejaa vipande vya mifupa vilivyofukuliwa na mvua.

Ndunge alitupa sheria moja: hakuna kuokota. Jino likionekana, unaita, yeye anachomeka kando yake bendera ndogo ya waya na plastiki. Baadaye anapima lilikuwa juu kiasi gani mteremkoni, anaangalia udongo uliolishika, anachora. Kilicho muhimu, alisema, si jino bali mahali pa jino. Tulizunguka migongo imepinda, jua likitupiga bila ubaguzi. Ekai aliona meno mengi kuliko sisi wote, na Mama aliona mengi kuliko mimi. Mimi niliona mawe mengi yanayofanana na meno. Kufikia jioni mteremko ulikuwa umejaa bendera, na magego kadhaa yalikuwa marefu, jinsi Ndunge alivyotaka. Kwa mara ya kwanza tangu Tena alikula akamaliza.

"Kesho tunayachukua yote," akatuambia. "Nikishapima tu."

Sehemu ya pili aliisema akielekea kwenye hema, mdomo umejaa muthokoi.

Sasa mjue Mama yetu. Maisha yake yote ameamka kabla ya ndege ili awahi Marikiti, kwa sababu anayechelewa sokoni hununua zilizobaki. Kwake kazi ya kesho hufanywa kabla ya watu kuamka, na kumsaidia mtoto ni kumkuta ameshamaliziwa. Tulipotoka hemani tulimkuta ametandaza leso chini. Meno yote yalikuwa juu yake. Alikuwa ameyaosha kwa maji yetu ya kunywa mpaka yanang'aa. Alikuwa ameyapanga kwa mafungu, makubwa mbele, madogo nyuma, yaliyopasuka kando. Bendera alikuwa amezifunga pamoja kwa raba, zisipotee.

"Nimekupunguzia kazi, mwanangu," akasema. Uso wake ulikuwa na furaha ambayo bado naiona.

Ndunge alisimama. Nilisubiri apige kelele. Ningekuwa mimi ningepiga mpaka Lodwar wasikie. Akasema, "Asante, Mama," kwa sauti ndogo sana, akashuka kwenye laga akaenda mbali akakaa peke yake.

"Ana nini?" Mama akaniuliza. "Si yako yote hapa? Hata moja halijapotea."

"Yako yote hapa, Mama. Lakini hayajui tena yalitoka wapi."

"Kivipi?"

Nikaokota gego refu moja. "Hili lilikuwa wapi? Kwa lile jekundu ama kwa la kijivu?"

Alilichukua, akaligeuza. Akautazama mteremko, akanyoosha kidole, akakirudisha. Akachukua jingine. Kisha akayaweka yote mawili mahali pake kwenye fungu, taratibu, akakaa chini. Hakuhitaji kuelezwa zaidi. Akaificha mikono ndani ya kitenge alichojifunga, na kuanzia hapo hakugusa kitu chochote cha Ndunge, hata kikombe chake. Hata kula alikataa.

Nilimwonea Ndunge huruma, nikamwonea Mama zaidi, na wakati huohuo nilimkasirikia Mama. Nilizunguka gari nikikagua magurudumu ambayo hayakuwa na shida.

Ndunge alirudi macho mekundu. Akasema imebaki njia moja: kupata gego ambalo halijaanguka, lililoshikwa bado na mwamba wenyewe. Hilo haliwezi kusingiziwa mahali. Na kesho yake ilikuwa siku yetu ya mwisho.

Siku ya mwisho

Kwa wanaotaka kujua kwanza kama amepita: hata mimi sijui. Ninavyoandika haya yuko chumba cha pili anaandika upya kuanzia ukurasa wa kwanza, na ukimuuliza kitu anakuangalia tu. Sababu ni hii.

Tulilichambua lile tabaka jekundu kipande kwa kipande, uso karibu na mwamba kama tunaosoma maandishi madogo ya mkopo. Asubuhi ikapita. Mama alikaa kivulini mwa pikapu. Ekai alituonyesha mbavu, ganda la kobe, na jino la kiboko, na kila mara Ndunge alishukuru akatikisa kichwa. Kivuli cha korongo kilipoanza kulala upande wetu nilikuwa nimeshaanza kupanga maneno ya kumfariji, yote ya kijinga.

"Brathe," nikamsikia. "Usisogee. Utanimwagia mchanga."

Alikuwa amepiga magoti. Kipande cha taya kilichungulia kutoka ndani ya mwamba mwekundu, katikati kabisa ya tabaka, na gego la mwisho likiwa ndani yake, limeshikwa pande zote. Alilisafisha kwa brashi, kidogo kidogo. Nilisubiri ashangilie. Aliendelea kusafisha hata palipokuwa pameshasafika.

Mama alikuja akasimama mbali, mikono ndani ya kitenge. "Ni lenyewe?"

"Ni lenyewe, Mama."

"Ni refu?"

"Ni fupi."

Nililitazama, na hata mimi wa biskuti niliona. Lilikuwa fupi, nene, la chini. La zamani. Tabaka jekundu lilikuwa la kale vilevile kama walivyosema wote, na magego marefu ya kwenye leso yalikuwa yameanguka kutoka lile la kijivu la juu. Kitabu kizima cha Ndunge kilikuwa kimekosea.

"Sasa watakunyima?" Mama akauliza.

"Sijui. Walitaka ushahidi, na nimeupata. Ni vile tu si wa upande wangu." Alijaribu kucheka, ikawa kitu kingine. Akajifuta uso kwa mkono wenye vumbi, akabaki na mistari myekundu mashavuni.

Mama alisogea hatua moja. Ekai alikuwa juu kule anaangalia mbuzi waliokuwa wakipita mbali. Mama akashusha sauti, ile sauti ya kumwambia mteja mzuri siri ya nyanya.

"Ndunge. Yale marefu tunayo. Hakuna anayejua yalikuwa wapi, mimi ndiye nilihakikisha hivyo. Chukua moja useme lilitoka hapa, hili lifukie. Kosa lilikuwa langu, mwanangu, na dhambi iwe yangu. Mimi nitaibeba."

Sitawadanganya kwamba Ndunge alikataa papo hapo. Alilitazama lile gego kwa muda. Alitazama chini kambini, ambako yale meno yalikuwa yamefungwa ndani ya leso. Nami nilikuwa hapo, na sikufungua mdomo, kwa sababu nilikuwa natamani akubali.

Kisha akachukua kamera akalipiga picha, likiwa ndani ya mwamba, na kipimo kando yake. Ndipo akageuka.

"Mama, jana uliharibu ukiwa hujui. Leo usiniombe niharibu nikiwa najua."

Mama akaitoa mikono kutoka ndani ya kitenge, akakunja mikono ya blauzi yake mpaka viwikoni.

"Haya," akasema. "Hiyo plasta inakorogwa na maji kiasi gani?"